Kamba ya Mbuzi wa Mama

Studio yangu iko Bwera, kando ya barabara inayoteremka kwenda mpakani, na sifa yangu pale mjini ni moja: nafuta. Funga harusi, mume akutoroke, niletee picha, nitamtoa huyo bwana ubavuni mwako na mahali pake niweke chungu cha maua, hata shangazi yako hatajua kuwa palikuwa na mtu. Nafuta makovu, nafuta kola zilizochanika, nafuta chupa za bia mezani kwa walokole. Marehemu nawafumbua macho. Wengine wanavuka kutoka Kongo na picha zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, wananiuliza, "Madamu, huyu mutu unaweza kumutosha?" Namtoa, nalipwa, nakula. Sijawahi kumuuliza mteja kwa nini.

Nayasema haya mapema kwa sababu kaka yangu alipokuja kunitafuta, alikuja akiyajua.

Kaka ni kifungua mimba wa mama yetu. Sisi ni watu wa Karambi, watu wa kahawa na mihogo na mbuzi, na kwetu hakuna aliyelijua ziwa isipokuwa kwa kununua samaki. Yeye aliwahi kubebea wageni mizigo mlimani, akarudi na kofia ya kijani na darubini shingoni, akatangaza kuwa sasa ni mwongoza wageni. Si wageni wa mlima tena, wa kamera. Atakuwa anawapeleka kwenye mafunjo ya Ziwa George, kule Hamukungu, wapige picha za ndege. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliuza shamba la kahawa alilotuachia baba, akanunua mashua na injini, kisha akauza mbuzi wa mama. Wote! Hakumwachia hata kibeberu cha kumpigia kelele asubuhi.

Mama alibaki na nyumba, mihogo ya kuzunguka nyumba, na ahadi. Kaka alimwambia amemnunulia mbuzi jike mwenye mimba, yuko Hamukungu kwa rafiki yake, mvua zikikatika atamleta. "Wewe nisokotee tu kamba ya kumfungia," akasema. Basi mama akakata mkonge ulioota mpakani mwa kiwanja, akaupara, akausokota juu ya paja lake kama alivyofanya maisha yake yote. Kamba zake zilijulikana Karambi nzima. Kila moja aliifungia mwishoni kitambaa chekundu kutoka kwenye gomesi, lile gauni lake refu la zamani, kwa sababu majirani zetu, Mungu awasamehe, wana mkono mrefu.

Kaka akaichukua kamba. Mbuzi hakuja. Kila nilipopanda Karambi baada ya ibada ya Jumapili nilimkuta mama anakarabati kibanda cha mbuzi: leo fito, kesho nyasi za paa, keshokutwa kihori cha chumvi. Alikuwa anasema peke yake kwamba mimba hiyo huenda ni ya mapacha. Nikimuuliza kaka, jibu lake ni lile lile, "Iko njiani." Mbuzi wa kutembea miezi na miezi kutoka Hamukungu, labda alikuwa anapitia Nairobi.

Ukweli ni kwamba kazi yake ilikuwa inakufa. Wageni wa kamera hawaji Ziwa George kwa ajili ya viboko tu. Wanamtaka ndege mmoja, domo-kiatu, yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mwanamume na macho ya mtu aliyekasirishwa jana. Ni adimu. Husimama kwenye maji kutwa nzima bila kutikisika, akivizia kambare. Kaka aliwazungusha wageni msimu mzima bila kumwona hata unyoya. Walirudi Kasese na picha za makaloli, yale makorongo yenye upara ambayo ungeweza kuyapiga picha bure kwenye jalala la soko. Habari zikaenea kwamba mashua ile haina ndege.

Halafu akapokea simu ya mwanamke mmoja wa Nairobi, mwenye biashara ya kukusanya wapiga picha na kuwazungusha Afrika Mashariki yote. Atakuja mwenyewe, peke yake, kutazama. Akimwona domo-kiatu, wageni wake wote watapanda mashua ya kaka kila msimu. Asipomwona, basi. Na hiyo "basi" ilikuwa na maana: mashua ingeuzwa, shamba halipo, na mtu mzima mwenye watoto angerudi kulala kwenye nyumba ya mama yake na kula mihogo yake.

Ndipo alipokuja Bwera. Alitaka niende naye, nimpige mgeni picha akiwa mashuani, iwe zawadi. 

"Na ndege?" nikamuuliza.

"Ndege iko."

"Iko wapi?"

"Pale pale. Kila siku iko pale pale."

Alisema hivyo huku akichezea pazia la studio yangu. Ningejua!

Tuliondoka Kasese alfajiri. Madamu, yule wa Nairobi, alikuwa mwanamke mfupi, suruali ya mifuko mingi, lenzi ndefu kama mchi wa kutwangia. Kiswahili chake cha Nairobi kilikuwa cha haraka, na hakikuwa na neno jema kwa yeyote. Chai ya hoteli ilikuwa maji ya kuoshea vikombe. Barabara ilimchosha. Kamera yangu aliitazama akaniuliza kama ni ya makumbusho. 

"Kaka, nimesikia kwako hakuna ndege," akamwambia kaka ndani ya gari.

"Iko, madamu."

"Haya. Tutaona."

Hamukungu ni kijiji cha wavuvi ndani ya hifadhi. Ng'ombe wanapita katikati ya nyavu, na makaloli wamekaa juu ya paa za vyoo. Pale tukampata mzee wa upondo, mvuvi aliyezaliwa hapo hapo, ambaye kaka alimlipa asukume mashua mahali injini haiwezi kuingia. Mzee alimsalimia kaka kwa kucheka. Alicheka tena tulipoingia kwenye mafunjo, na mimi nikadhani ni mzaha wao wa kila siku.

Na ndege alikuwepo.

Alisimama kwenye kijidimbwi, kifua mbele, kidevu kimeshuka. Mrefu kuliko mtoto wa darasa la tatu. Madamu alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tukutane. Kamera yake ikaanza, trrrrr, trrrrr, na ndege hakujali. Nilimtazama kaka na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi mpaka nikasahau kahawa ya baba.

Kisha madamu akaishusha kamera. "Safi. Sasa nataka akiruka."

"Hii ndege haipendi kuruka, madamu," kaka akasema. "Kazi yake ni kusimama. Hata vitabu vinasema."

"Ndege wa kusimama kila mtu anaye. Nitasubiri."

Akatoa chapati na mayai, akala polepole. Jua likapanda. Viboko wakawa wanakoroma huko nyuma. Kila mara alimtazama ndege, kisha kaka, kisha ndege. Kaka alitokwa na jasho mpaka kofia ikabadilika rangi. Akapiga makofi, ndege hakutikisika. Akapiga mluzi. Akatupa kipande cha funjo karibu naye, ndege akafungua mbawa nusu, akazifunga.

Mimi kwa mazoea ya kazi, mtu akikaa mbele ya kamera naanzia chini, kwa sababu watu huficha aibu zao miguuni: kiatu cha kuazima, soksi iliyotoboka. Nikaivuta picha karibu. Mguu mmoja wa ndege ulikuwa mwembamba kama fimbo. Wa pili ulikuwa mnene kuliko kiwiko changu, mweusi, umefura juu na chini ya kitu kilichouzunguka. Na kitu hicho kilishuka majini, na pale kilipogusa maji palielea kitambaa chekundu.

Nikamwambia kaka kwa Lhukonzo, lugha yetu, taratibu, madamu asielewe: "Ile ni kamba ya mama."

"Nyamaza."

"Mbuzi yuko wapi?"

"Dada, nakuomba."

"Nakuuliza mbuzi wa mama yuko wapi."

Akajifuta uso. "Hakuna mbuzi," akasema.

Hapo akanieleza, ameinama kana kwamba anatafuta kitu mashuani. Ndege alinaswa kwenye nyavu za wavuvi, kaka akawaomba wampe. Akamfunga. Akachomeka kigingi, akapitisha kitanzi mguuni, na kila asubuhi alikihamisha kigingi hatua chache na kumpelekea samaki. "Namulisha vizuri," akasema. "Samaki mubichi. Siku hata moja sijamulaza njaa." Na unajua kilichonikera zaidi? Alikuwa anasema kweli. Alimfunga kama sisi wa Karambi tunavyofunga mbuzi, kwa uangalifu wote tuliofundishwa na mama. Kwake huo ndio ulikuwa utunzaji wa kitu kinachokulisha.

Mzee wa upondo, kumbe, Lhukonzo anakisikia. "Nilimuambia," akasema. "Watu ya mulima hamusikii. Katani ukitia ndani ya maji inajikaza. Inajikaza tu, mpaka inakula mufupa. Hapa kwetu hata mutoto wa kunyonya anajua."

Na sisi hatukujua. Kwetu mbuzi husimama pakavu, jioni huingizwa ndani karibu na moto, na kamba ya katani inakaa vile ulivyoifunga. Tangu babu hadi babu hakuna mtu wa Karambi aliyewahi kumfunga mnyama anayeishi ndani ya maji.

"Sasa wewe ulijua, kwa nini hukumfungua?" nikamuuliza mzee.

"Ndege si yangu," akajibu, akatema mate majini.

"Mnasemezana nini?" madamu akauliza.

"Tunamwomba Mungu ndege aruke," nikamjibu. Sikutaka kulia mbele ya yule mwanamke.

Kaka akachukua panga, akasema anakwenda haja. Akateremka nyuma ya mashua, akapotelea ndani ya mafunjo, maji kifuani. Tulisikia mabua yakivunjika. Kisha tukaona mkono wake unatokea nyuma ya ndege, unapapasa majini kutafuta fundo. Ndege aligeuza shingo bila haraka, akaushika mkono ule kwa lile domo na kuubana. Kaka hakupiga kelele. Niliuona uso wake kati ya mabua, ameng'ata ukosi wa shati lake mwenyewe. Mzee alicheka mpaka upondo ukamtoka.

Fundo lilikuwa limeloa, limekuwa jiwe. Kaka akaligonga kwa panga kwa mkono wa kushoto, akakosa, akagonga tena. Kamba ikakatika.

Ndege akafungua mbawa. Mungu wangu, sikujua kuwa ni kubwa vile. Akapiga mara chache, akainuka, maji yanamtiririka, akafika labda kimo cha mtu. Halafu akashuka, kwa sababu alikuwa amezoea kutoruka, na akatua juu ya ule mguu. Haukuwa mguu tena. Akaanguka ubavu. Akapigapiga maji, akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu, akaanguka, na kamera ya madamu haikukoma hata nukta moja. Trrrrr. Mwishowe akajikokota kwa mbawa mpaka ndani ya mafunjo, na kitambaa cha mama kikamfuata nyuma. Makaloli waliokuwa wakizunguka juu wakaanza kushuka mmoja mmoja.

Kaka alirudi mashuani na mkono umechanika, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na anatabasamu. "Umeiona, madamu? Imeruka!"

Madamu alikuwa anafuta lenzi. "Kaka, kamba niliiona tangu asubuhi," akasema. "Lenzi hii inaona hata chawa."

Mimi ndiye niliyeropoka. "Kama uliiona, ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilitaka kuona atafanyaje."

Alisema hivyo kama mtu anayekuambia saa. Kisha akamgeukia kaka, akamtupia kitambaa cha kufungia mkono, wakaanza kuongea biashara. Wageni wake ataanza kuwaleta kiangazi. Lakini kaka atafute ndege mwingine, na huyo asimfunge kwa ile takataka, atumie mshipi wa kuvulia, ule usioonekana. "Wageni wangu si wachunguzi, lakini si vipofu," akasema. Na ile picha ya mbawa zimefunguka, maji yanaruka, anaitaka kubwa kwa ajili ya matangazo yake, bila kamba.

Kaka akaninyooshea ule mkono wa damu. "Dada yangu anafuta," akasema. "Bwera yote wanamujua."

Mtu anayefurahi vile sijamwona tena. Aliimba njia nzima mpaka Kasese. Mimi sikufungua kinywa, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo.

Kadi ya kamera ya madamu nikarudi nayo Bwera. Nikaifungua kwenye kompyuta, na kufuta kamba ile ilikuwa kazi ya kufanya kati ya mteja wa picha za paspoti na mwingine. Nilianza. Nikafuta kutoka mguuni kushuka mpaka kwenye kitambaa. Pale nikasimama. Gomesi ile mama aliivaa siku tulipomzika baba, akaivaa mpaka ikawa tambara, na sasa nilitakiwa niipake rangi ya maji machafu ili kaka yangu apate wageni. Nikarudisha kamba yote. Nikaichapa picha kubwa, na kila kitu chake, nikaitundika ukutani mkabala na mlango, kisha nikangoja siku ya gulio.

Sikuifanya kwa ajili ya ndege. Ndege ameshaliwa. Nilitaka kaka aumie, na nilitaka aumie mahali ambapo hawezi kucheka.

Siku ya gulio mama alishuka na kapu lake la mihogo, akapita kwangu kama kawaida kunywa chai. Kaka naye alikuwa amekuja kuchukua kazi yake. Mama alikaa, akapuliza chai, akainua macho. Akaitazama ile picha muda mrefu. Akaweka kikombe chini, akainuka, akasogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi, akaweka kidole juu ya kitambaa chekundu. Ndege mwenyewe mama hakumtazama kabisa.

"Huyu ndiye mbuzi wangu?" akamuuliza kaka.

Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Mama, kazi imejipa," kaka akasema. "Nitakununulia mbuzi kumi. Utachoka kuwafunga."

"Kamba yangu iko wapi?"

"Imebaki majini."

Mama alirudi kwenye kiti, akamaliza chai yake yote, akajitwika kapu, akatoka. Kaka alingoja mpaka amevuka barabara.

"Umeniua kwa mama," akaniambia. "Wewe umefuta wanaume ya watu, umefuta makaburi, kitu kimoja tu ndiyo imekushinda?"

"Hicho kimoja," nikamwambia. "Toka kwenye studio yangu."

Akaipeleka picha kwa fundi mwingine, Kasese. Yule aliifuta kamba vibaya, akauacha mguu umefura, na hakuna aliyeona tofauti. Madamu alitimiza ahadi yake. Wageni walikuja, wakaja tena, na kaka akajenga nyumba ya mabati Rukoki, yenye vioo. Kila msimu ndege yuko, anasimama vizuri. Mimi sijarudi kuangalia miguu ya mtu.

Kiangazi kimoja akaleta mbuzi Karambi. Ilikuwa Jumapili, nilikuwepo. Alishuka kwenye pikapu amevaa kofia mpya, nyuma yake anamvuta mbuzi jike mnene, mwenye mimba kweli kweli, amefungwa kwa kamba ya nailoni ya buluu kutoka dukani. Majirani walitoka kutazama. Mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya mihogo. Kibanda cha mbuzi kilikuwa bado kimesimama, paa limeanza kuoza.

"Mfungue," mama akasema.

Kaka akamfungua, akicheka, akidhani anataka kumkagua.

"Sasa mfunge kwa kamba yangu."

"Mama, ile kamba..."

"Basi arudi alikotoka."

Akakusanya mihogo yake, akaingia ndani na kufunga mlango. Kaka alibaki uani na ile kamba ya buluu mkononi, majirani wanamtazama, na mbuzi ameshaanza kula nyasi za paa la kibanda. Alinigeukia mimi kana kwamba nina dawa. Nikatazama pembeni.

Akagonga mlango. Akagonga tena. Mama akajibu kutoka ndani, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo.

"Niletee kamba yangu. Kama mguu bado umo, uje nao hivyo hivyo."